Kile Kioo Chekundu Si Zebaki: Kuijua na Kuifufua Kamera ya Kukunjwa

Kifuku kilichopita kijana mmoja alifika kwenye meza yangu ya ufundi pale Mwanjelwa, Mbeya, akiwa na kitu kilichoviringishwa kwenye kipande cha kitenge. Alinipa shikamoo, akatazama kushoto na kulia, ndipo akakifungua. Ndani mlikuwa na kamera ya kukunjwa, Zeiss Ikon Nettar, ile ya picha pana za sentimita 6 kwa 9. Mgongoni, mahali ambapo kamera hizo huwa na kidirisha cha duara chenye rangi nyekundu, palikuwa na tundu tupu lenye kingo zilizochanika. Alikuwa amelitoboa kwa msumari.

“Tulikuwa tunatafuta zebaki, fundi,” akasema. “Tuliambiwa kamera za Mjerumani zina zebaki nyekundu, na inakaa hapo kwenye kioo.”

Hawakuikuta, kwa sababu haikuwahi kuwamo. Lakini si yeye wa kwanza. Habari hii, kwamba vitu vya kale vina zebaki nyekundu ya bei kubwa, inatembea katika nyanda zetu za juu kama zinavyotembea zile za rupia zilizofukiwa na ramani za hazina. Leo ni kamera. Jana ilikuwa redio ya mbao au cherehani. Wala si sisi peke yetu: mwaka 2009 huko Saudi Arabia watu walipandisha bei ya cherehani za Singer kwa uvumi huo huo wa zebaki nyekundu. Kinachoniuma ni kwamba kila uvumi unapopita, vitu vizuri vinavunjwa. Kamera iliyokaa sandukuni kwa miaka 60 bila kudhurika inauawa kwa dakika tano za msumari na nyundo.

Kwa hiyo nataka tuifungue kamera hii pamoja, taratibu na kwa bisibisi, tuone kilichomo, inavyougua, na jinsi iliyokufa inavyoweza kuipa uhai nyingine.

Giza, tundu na muda

Kamera ya kukunjwa ni ile inayofunga ikawa bapa kama kitabu, na ukibonyeza kitufe kifuniko kinashuka, lenzi inatoka mbele ikivuta nyuma yake kitu cheusi chenye mikunjo mithili ya kodiani. Kile chenye mikunjo ndicho mvukuto. Nakiita mvukuto kwa sababu ndivyo kilivyo: ukiufungua unavuta hewa, ukiufunga unaitoa, sawa na mvukuto wa mhunzi. Tutaurudia, maana tabia hiyo huharibu picha za watu wengi bila wao kujua.

Ondoa ngozi, nikeli na maandishi, kamera yoyote ya filamu inabaki na mambo matatu. La kwanza ni giza: boksi lisilopitisha mwanga, ambamo filamu inakaa. La pili ni tundu: lenzi, na ndani yake kiwambo kinachopanuka na kubana kama mboni ya jicho. La tatu ni muda: mlango mdogo wa vibati vyembamba unaofunguka na kufunga kwa sehemu ndogo ya sekunde. Mlango huo mafundi tunauita shata. Mwanga ukizidi, wapiga picha wa zamani walisema filamu imeungua. Ukipungua, picha haikuiva. Ni kama chapati: moto mkali uigeuze haraka, moto mdogo uiache. Tundu ndilo moto, shata ndiyo saa.

Ukishika hayo matatu, utatambua ugonjwa wa kamera yoyote ya aina hii. Picha ina michirizi au mawingu meupe? Giza limetoboka. Picha zote ni nyeusi tii, au nyingine zimeungua na nyingine hazikuiva? Muda umeharibika. Picha ina ukungu au haikati vizuri? Angalia tundu, yaani lenzi na umbali wake. Hakuna chumba cha siri, betri wala kimiminika. Baadhi ya kamera za zamani zaidi, zile za kutumia vioo badala ya filamu, zina kipovu kidogo cha kupimia usawa, kama cha pima maji ya fundi mwashi. Humo mna spiriti, basi.

Kwa nini kile kidirisha ni chekundu

Filamu inayotumika humu inaitwa 120. Ni mkanda mpana wa karibu sentimita 6, umeviringishwa pamoja na karatasi nyeusi mgongoni, na karatasi hiyo imepigwa namba: 1, 2, 3, kuendelea. Kidirisha cha nyuma ni cha kusomea namba hizo. Unazungusha kitufe mpaka namba inayofuata itokee katikati ya duara, unaacha, unapiga picha. Kwa kamera ya 6 kwa 9 unapata picha 8 kwa mkanda mmoja; kwa ya 6 kwa 6 unapata 12.

Wekundu wake una maelezo mafupi. Filamu za zamani hazikuona rangi nyekundu kabisa. Ndiyo maana mafundi waliweza kuzisafisha kwenye chumba chenye taa nyekundu bila kuziunguza, na ndiyo maana dirisha jekundu mgongoni mwa kamera halikuwa na madhara. Filamu za siku hizi zinaona rangi zote, nyekundu ikiwamo. Kwa hiyo kidirisha kilichokuwa salama mwaka 1930 leo ni mlango wa mwanga. Kamera nyingine zina kifuniko kidogo cha kusogeza juu yake. Kama yako haina, bandika kipande cha tepu nyeusi, ukiinue tu wakati wa kusogeza filamu, tena ukiwa kivulini.

Kwa kamera ya yule kijana sikuwa na kidirisha cha kuiwekea. Nilichukua taa ya nyuma ya pikipiki iliyovunjika, nikakata kipande bapa cha plastiki yake nyekundu, nikakizungushia tupa na kukipima, nikazungusha tena na kupima tena, mpaka kikakaa kwenye duara bila kucheza. Kingo za bati zilizochanika nilizilaza kwa nyundo ndogo juu ya kigingi cha mti. Gundi nyeusi kuzunguka, tepu juu. Kazi ya nusu saa, na spea imetoka kwenye lundo la takataka la mafundi bodaboda.

Mjerumani yupi?

Watu husema kamera hizi zilifukiwa na askari wa Mjerumani wakati wa vita ya kwanza ya dunia. Hapa ndipo penye mkanganyiko mkubwa, na tarehe chache zinatosha kuutatua. Zeiss Ikon ilizaliwa mwaka 1926 mjini Dresden, kampuni za Ica, Ernemann, Goerz na Contessa-Nettel zilipounganishwa. Askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Mjerumani huku kwetu katika vita hiyo, walisalimisha silaha Novemba 1918 huko Abercorn, mji ambao leo ni Mbala, Zambia, si mbali na mpaka wetu. Askari waliosalimu amri mwaka 1918 hawawezi kufukia kamera yenye jina lililoanza miaka minane baadaye. Na Nettar ya kijana wangu ni changa zaidi: ilitengenezwa Stuttgart baada ya vita ya pili ya dunia.

Zimefikaje huku, basi? Kwa njia za kawaida kabisa. Wamisionari wa Moravian walikuwa Rungwe tangu 1891. Mwaka 1925 Wajerumani waliruhusiwa kurudi Tanganyika, na walowezi wakafungua mashamba upande wa Iringa na Mufindi. Miaka ya 1930 dhahabu ya Lupa kule Chunya ilivuta watu wa kila taifa. Kisha wakaja wenye studio, Waasia kwa Waafrika, waliopiga picha za harusi, za kipaimara na za vitambulisho. Mjomba wangu alikuwa mmoja wao, Iringa mjini, na kamera yake ya kwanza ilikuwa Agfa Isolette aliyoinunua mkononi mwa mtu.

Mwingine atakuonyesha herufi D.R.P. zilizochongwa kwenye shata akidai ni alama ya siri ya serikali ya Mjerumani. Ni kifupi cha maneno ya Kijerumani yanayosema tu kwamba kifaa kimesajiliwa haki ya ubunifu. Ukikuta maneno “Germany US Zone”, ujue kamera ilitoka miaka michache baada ya 1945, Ujerumani ilipokuwa imegawanywa na washindi wa vita.

Na thamani? Nettar, Isolette na Kodak za kukunjwa zilitengenezwa kwa wingi mno, hivyo hazina bei ya kujenga nyumba. Zipo chache zinazotafutwa sana na wakusanyaji, kama Voigtländer Bessa II, lakini hata hiyo inatafutwa ikiwa nzima. Iliyotobolewa msumari ni spea.

Mvukuto ukitoboka

Nikiletewa kamera, kazi ya kwanza ni kuingia nayo chumbani gizani. Ninafungua mgongo, ninavuta lenzi mbele, ninaweka tochi ya simu ndani ya mvukuto na kuutazama kwa nje huku nikiuzungusha. Mvukuto mzima unabaki mweusi. Uliochoka unaonyesha nyota, na nyota hizo karibu zote zipo kwenye pembe za mikunjo, mahali nyenzo inapokunjwa kila siku pande mbili kwa wakati mmoja. Kamera za Agfa za miaka ya 1950 zinajulikana kwa hili, kwa kuwa mivukuto yao mingi ilikuwa ya nyenzo mfano wa plastiki badala ya ngozi.

Nyota mbili tatu zinazibika. Changanya rangi nyeusi ya maji na gundi nyeupe kidogo, upake kwa brashi nyembamba ndani na nje ya tundu, tabaka jembamba, uache likauke, upake tena. Kosa ninaloliona sana ni kupaka nene. Mvukuto ulionenepa haukunjiki, mlango unalazimishwa kufunga, na vyuma vinavyoshikilia lenzi vinapinda. Hapo umetibu kikohozi ukavunja mbavu. Ukimaliza, uache wazi siku mbili, kisha upitishe poda kidogo kwenye mikunjo isishikane.

Nyota zikiwa anga zima, tafuta mvukuto mwingine. Hapa ndipo kamera iliyokufa inapokuwa na kazi. Mvukuto umeshikwa mahali pawili. Mbele umebanwa na ringi nyembamba inayokaza shata kwa nyuma. Nyuma umegandishwa kwa gundi kwenye fremu ya filamu, au umebanwa na fremu yenye masikio ya bati. Ringi ya mbele ina vipengele viwili vya kushikia, na kifaa chake maalumu hutakipata sokoni Mbeya. Mimi natumia spoku nene ya baiskeli iliyokunjwa umbo la U, ncha zake zimechongwa kwa tupa mpaka zikaingia kwenye vipengele sawasawa. Inataka mkono uliotulia. Ikiteleza inakwaruza lenzi ya nyuma, kwa hiyo ninaweka kwanza kipande cha ngozi chenye tundu juu ya kioo.

Mvukuto uhamishwe kati ya kamera za ukubwa mmoja, 6 kwa 9 kwenda 6 kwa 9. Wa kamera ndogo ukiulazimisha kwenye kubwa unakata kona za picha. Kama huna kabisa, unaweza kuushona mpya: kitambaa cha mwavuli mweusi tabaka mbili, katikati vipande vya karatasi ngumu vilivyopangwa kwa vipimo vya mikunjo, juu ngozi laini kutoka kwa mshona viatu. Kitambaa cha mwavuli peke yake kinapitisha mwanga, usikiamini. Mimi nimeushona mara mbili tu, na kila mara ulinichukua zaidi ya wiki.

Sasa ile tabia ya mvukuto wa mhunzi. Ukibonyeza kitufe na lenzi ikaruka mbele kwa kishindo, mvukuto unavuta hewa ghafla, na filamu inavutwa nayo itoke kwenye nafasi yake. Picha inapoteza makali katikati, na mwenye kamera anakuja kulalamika kuhusu lenzi. Izuie kwa kiganja, uifungue polepole, na usogeze filamu baada ya kufungua, si kabla, ili mkanda ukazike tena.

Shata haipendi mafuta

Fundi yeyote akiona kitu kimekwama, mkono unakwenda kwenye oili. Kwa shata, oili ni sumu. Vile vibati vya ndani ni vyembamba kama wembe na vinalaliana; tone moja la mafuta linavigandisha kama kurasa za kitabu kilicholowa. Mara nyingi shata “iliyokufa” haina kilichovunjika. Grisi na oili za miaka 70 zimegeuka gundi, basi. Agfa ndiyo mbaya zaidi: grisi yao ya kijani kwenye nyuzi za lenzi inakuwa ngumu kiasi cha kuifanya lenzi ya mbele isizunguke hata kidogo. Inataka joto la kiasi na uvumilivu, si koleo.

Dawa ya shata ni kuosha na kukausha. Petroli safi nyepesi, ile ya viberiti vya utambi, kwa pamba na brashi, mara tatu nne, mpaka vibati vifunguke na kufunga bila kuacha alama ya unyevu. Mafuta ya taa hayafai, yanaacha utando. Na usiifanye kazi hii karibu na jiko la mkaa. Wenzangu wa milima ya baridi mnanielewa, Juni tunafanyia kila kitu karibu na jiko.

Mambo mawili yanaua shata nzima mikononi mwa mwenyewe. Moja ni kile kitenzo, yaani kijiti kidogo cha kusukuma, cha kuchelewesha, ambacho kwenye shata nyingi za Compur na Prontor kimeandikwa V. Zamani kilimpa mpiga picha nafasi ya kukimbilia mbele ya kamera. Leo gia zake zimekauka, ukikigusa kinakwama na kuikwamisha shata yote. Kiache. Jingine ni spidi ya juu kabisa kwenye Compur-Rapid, 1/400 au 1/500 ya sekunde: inatumia springi ya ziada, kwa hiyo ichaguliwe kabla ya kuvuta kitenzo cha shata. Ukiichagua baada ya kuvuta, unalazimisha springi mbili zigombane.

Kuna pia kamera za baada ya vita ambazo kitufe hakibonyezeki mpaka filamu isogezwe, zisipige picha mbili juu ya moja. Nimeletewa kamera tatu za namna hiyo zikiwa “mbovu”. Hazikuwa na ubovu wowote.

Kupima spidi hakuhitaji mashine. Simu inayorekodi picha 240 kwa sekunde inatosha kwa spidi za taratibu: washa taa nyuma ya lenzi, rekodi shata ikifanya kazi, kisha hesabu ni picha ngapi zinaonyesha tundu likiwa wazi. Kwa 1/25 zinatakiwa karibu 10. Ukihesabu 20, shata inachelewa maradufu na picha zitaungua. Kwa 1/200 njia hii haikupi jibu, maana ni picha moja tu.

Lenzi, unyevu, na kilele cha Loleza

Mzee mmoja wa Tukuyu aliniletea Bessa yenye lenzi iliyotandwa kama utando wa buibui. Ule si uchafu. Ni kuvu, na Tukuyu kwa mvua zake ni nyumbani kwao. Kamera ikifungwa kwenye mfuko wa ngozi na kuwekwa kabatini, ngozi inafyonza unyevu na kuukabidhi kwa lenzi. Ukiwahi, kuvu inatoka kwa haidrojeni peroksaidi ya dukani kwa dawa na kitambaa laini. Ukichelewa, imeshaula uso wa kioo na alama inabaki. Mzee alikuwa amewahi. Tulimaliza, akanishika mkono akasema “ndaga”, nami nikamsihi kitu kimoja: atupe ule mfuko wa ngozi.

Kuhamisha lenzi kutoka kamera moja kwenda nyingine kuna kanuni moja ambayo haikwepeki. Kumbuka utotoni tulivyounguza nyasi kwa kioo cha kukuzia: kuna umbali mmoja tu ambapo jua linakuwa nukta ndogo kali. Kila lenzi ina umbali wake wa namna hiyo, na umeandikwa kwenye uso wake. Kamera za 6 kwa 9 kwa kawaida zina lenzi ya milimita 105. Za 6 kwa 6 zina 75 au 80. Ukifunga ya 75 kwenye mwili wa 105, itakaa mbali mno na filamu, hakuna kitu cha mbali kitakachoonekana vizuri. Hamisha 105 kwenda 105. Tena hamisha seti nzima, vioo vya mbele na vya nyuma pamoja na shata yake, kwa sababu vioo hivyo vilipangwa kama ndugu. Kuchanganya kioo cha mbele cha kamera hii na cha nyuma cha ile ni suluhisho la mwisho.

Baada ya kuhamisha lazima upime upya. Chukua kipande cha kioo cha dirisha, ukisugue upande mmoja kwa msasa wa maji mpaka kiwe cheupe kama barafu. Kiweke mgongoni mwa kamera, upande uliosuguliwa ukielekea lenzi, kikiwa kimelala juu ya zile reli mbili filamu inapopita. Fungua shata ibaki wazi kwa alama ya B au T, panua tundu hadi mwisho, jifunike kichwa na nguo nyeusi. Picha itatokea kwenye kioo, imepinduka juu chini. Sisi wa Mbeya mjini tuna bahati: tunaelekeza kamera Loleza. Miti ya kileleni ikikata vizuri kwenye kioo, lenzi iko mahali pake kwa vitu vya mbali; ndipo unakaza skrubu tatu ndogo za ringi ya mbele ili alama ya umbali wa mwisho ikae hapo. Mara ya kwanza nilipoona Loleza imepinduka kwenye kioo nilichokisugua mwenyewe, nilimwita kila aliyekuwa jirani aje aone.

“Lakini filamu zake si zimeisha?”

Hazijaisha. Filamu ya 120 ilianza mwaka 1901 na haijaacha kutengenezwa. Ilford wa Uingereza, Kodak wa Marekani, Foma wa Czech na Fujifilm wa Japani wote wameitengeneza hadi miaka hii. Huku kwetu inabidi kuagiza, na si rahisi kwa bei, lakini ipo. Negativu moja ya 6 kwa 9 ni pana zaidi ya mara tano ya ile ya filamu ndogo ya kawaida. Hiyo ndiyo sababu picha za harusi za bibi zetu, ukizitazama kwa kioo, unahesabu shanga.

Zilizokufa ni saizi nyingine, na hapa ndipo ufundi wa kugeuza kamera unapoanza. Kodak ilileta 620 mwanzoni mwa miaka ya 1930 na kuiacha mwaka 1995. Mkanda ni ule ule wa 120, ila kigurudumu chake ni chembamba na kifupi kidogo. Basi unaviringisha filamu ya 120 kwenye kigurudumu cha 620, gizani kabisa, kwa kupapasa. Jifunze kwanza mchana kwa mkanda ulioharibika. Wapo wanaokwangua kingo za kigurudumu cha 120 kwa kikata kucha mpaka kiingie. Kinaingia, lakini kinagoma kuzunguka katikati ya mkanda. Kwa hiyo kigurudumu kitupu cha 620 usikitupe kamwe. Kwangu kina thamani kuliko kamera nyingine nzima.

Saizi ya 116 ni pana zaidi, milimita 70, na ilikwisha mwaka 1984. Kamera zake ni kubwa na nzuri, na zinakubali filamu ya 120 ukiziwekea washa, yaani pete bapa, pande zote mbili za kigurudumu ili kikae katikati, pamoja na vipande viwili vya bati jembamba vya kushikilia kingo za filamu isizame. Namba za kidirishani hazitalingana tena. Pitisha karatasi ya mkanda wa zamani, weka alama ya penseli kila sentimita 12, hesabu kitufe kinazunguka mara ngapi, uandike ndani ya mlango. Unapata picha ndefu za mlalo, zinazolifaa bonde la Usangu kuliko kamera yoyote niliyowahi kushika.

Jambo la mwisho kuhusu kamera zilizokufa. Usiigeuze kuwa spea mpaka uthibitishe haiponi. Ukishaamua, ifungue kwa utaratibu ule ule wa kuitengeneza: piga picha kwa simu kila hatua, skrubu ziweke kwenye trei ya mayai kwa mpangilio wa kutoka, kila kikopo kina hatua yake. Skrubu za shata hazilingani urefu, na ndefu ikiingia mahali pa fupi inagusa vibati.

Nettar ya yule kijana ilipona kwa taa ya pikipiki na kwa mvukuto wa Nettar nyingine iliyotoka kwenye mabaki ya studio ya mjomba. Spidi yake ya 1/25 bado inachelewa kidogo, kwa hiyo nilimwambia atumie 1/75. Alipiga mkanda mmoja kwao, njia ya Chunya, akauleta tukausafishe jikoni kwangu. Ilikuwa Juni, maji ya bomba ya baridi kali, ikabidi tuyapashe yafike nyuzi 20. Picha 8 zikatoka. Ya tano ni mama yake mlangoni, ungo wa maharage mapajani, na kwenye negativu iliyoning'inia kwenye kamba ya nguo ungeweza kuhesabu vifungo vya gauni lake. Kijana aliitazama muda mrefu akiwa ameielekeza dirishani, kisha akaniuliza kama ile kamera nyingine waliyoivunja kabla ya hii, ambayo bado iko kwao chini ya uvungu, naweza kuiangalia. Nilimwambia ailete na vipande vyake vyote, hata vile anavyodhani havina kazi.